Ukichagua data za Hinode, anza na upana wa mwanya

Wanangu wa Tanga mnaochezea data za Jua, msichague mpango wa uchunguzi wa EIS, kile kipimaspektra (kifaa kinachotawanya mwanga kwa mawimbi yake) cha Hinode, chombo cha anga cha kuchunguza Jua kilichorushwa 2006, kwa kupenda jina lake tu. Fungua maelezo yake, angalia upana wa mwanya, yaani upenyo unaoingiza mwanga kwenye kifaa. Wa sekunde-tao (kipimo kidogo sana cha pembe angani) 1 au 2 unatoa spektra safi, ila unasogea kipande kwa kipande. Mlipuko wa Jua unaweza kuisha haujamaliza hata nusu ya eneo. Wa 40 au 266 unanasa eneo pana kwa mkupuo, lakini picha na mawimbi vinavurugana. Halafu hakikisha mstari wa spektra wa chuma, yaani mwanga unaotolewa na chuma kilichomo kwenye Jua, wenye urefu wa wimbi wa angstromu 195 (nanomita 19.5) umo. Bila huo mimi sipakui. Wa Raskazone mnaotegemea bando la simu mtanielewa.