Jina ndani ya jina: kuchezea herufi kwa kompyuta, Kiingereza na Kiebrania

Nina kibanda cha steshenari Mwanga, Kigoma mjini. Nachapa majina kwenye vikombe, na msimu wa kipaimara watu hupenda jina lililofichwa ndani ya jingine: Imani ukimvuruga herufi unapata amini, Amani anatoa Amina. Kutafuta naiachia kompyuta, kwa Python, lugha ya kuandikia programu.

Hatua ya 1: usijaribu kila mpangilio. Ndiko nilikoanzia. Daniel ana mipangilio 720, siyo mbaya. Elizabeth, hata ukihesabu e mbili kuwa moja, ana 181,440, na mimi nilikuwa nalinganisha kila mmoja na orodha nzima ya maneno. Feni ililia mpaka asubuhi. Dawa ni kupanga herufi za kila neno kialfabeti: Mary inakuwa amry, army nayo inakuwa amry. Huo ndio ufunguo. Funguo zikifanana, umepata.

Hatua ya 2: orodha ya maneno. Ya Kiingereza mara nyingi imo kwenye Linux, /usr/share/dict/words. Ya Kiebrania chukua ya Hspell, programu ya kukagua tahajia ya Kiebrania, ni ya bure.

Hatua ya 3: Kiebrania. Hapa nilikwama jioni nzima. Nuhu huandikwa נח, nun na het. Ukigeuza unapata חן, "hen", yaani neema, na Mwanzo 6:8 inasema Nuhu alipata neema. Mchezo wenyewe umo kwenye Biblia, lakini programu yangu ikasema hakuna kitu! Kumbe kati ya herufi 22, tano hubadili umbo zikiwa mwishoni mwa neno. Kwa macho yetu nun ni nun. Kwa kompyuta kila herufi ina namba yake ya Unicode: נ ni U+05E0 na ן ni U+05DF, vitu viwili tofauti. Zirudishe kwenye umbo la kawaida kwanza:

```
badili = str.maketrans("ךםןףץ", "כמנפצ")
def ufunguo(neno):
    neno = neno.lower().translate(badili)
    return "".join(sorted(neno))
```

Neno likiwa na nukta za irabu, zifute kabla: zimo kati ya U+0591 na U+05C7. Kwa kawaida Kiebrania huandikwa bila hizo, ndiyo maana majina mafupi yanazaa sana. Musa, משה, anageuka השם, "Jina", ambalo Wayahudi hulitumia wakimtaja Mungu.

Hatua ya 4: soma kabla ya kuchapa. Niliwahi kuchapa vikombe sita vya binti aitwaye Ruth kwa neno la kwanza lililotoka: hurt. Mama yake alikishika kimoja, akanitazama. "Mwanangu, mtoto wangu ndiye maumivu?"

Nikarudia kwa gharama yangu, safari hii kwa Kiebrania: רות ukimgeuza ni תור, hua, yule ndege. Mama akafurahi. Kwamba Israeli ya leo neno hilohilo ni foleni, hilo sikumwambia.