Jipime kabla ya kuanza mazoezi: maswali, presha na ngazi ya sentimita 30

Kabla hujafunga kamba za raba, jibu maswali haya bila kujidanganya. Unapopanda kilima au kubeba jerikani ya maji, kifua hukubana? Umewahi kuzimia, au kupata kizunguzungu hadi ukaanguka? Umeshaambiwa una ugonjwa wa moyo, presha au kisukari? Unameza dawa ya lolote kati ya hayo? Una goti au mgongo unaouma zaidi ukitembea? Una mimba au umejifungua karibuni? Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, anzia kituo cha afya, uwanjani utakwenda baadaye.

Hapa Uganda tunaongeza mengine mawili. La kwanza, ulipokuwa mtoto uliwahi kuumwa koo kisha viungo vikavimba na kuuma kwa zamu? Homa ya namna hiyo huweza kuharibu vali za moyo (vilango vinavyopitisha damu) kimyakimya, na mtu akafika miaka 30 bila kujua. Mwambie daktari akusikilize moyo. La pili ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi vizuri, lakini akijikamua ghafla juani, bila maji mwilini, misuli yake inaweza kuharibika vibaya. Hakatazwi mazoezi: apande polepole wiki hadi wiki, anywe maji, apumzike katikati. Na mwenye homa, ya malaria au nyingine, asifanye zoezi lolote wala kipimo chochote cha nguvu hadi amalize dawa na mwili urudi.

Sasa presha, ambayo ndiyo hukosewa zaidi. Mtu ameshuka steji, amepanda mlima kwa miguu, ameingia duka la dawa na kukaa kwenye stuli isiyo na egemeo, mkono unaning'inia, huku anapiga soga. Namba itakayotoka ni ya safari yake, si ya mwili wake uliotulia. Fanya hivi: nusu saa kabla, usivute sigara, usinywe kahawa, usifanye mazoezi. Nenda haja ndogo. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu haijapishana. Laza mkono mezani usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta, ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo wa kiwiko. Mwenye mkono mnene aombe mkanda mkubwa, kwa sababu ule mdogo humpandishia presha asiyokuwa nayo. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Siku ya kwanza pima mikono yote, kisha endelea na ule uliotoa namba kubwa.

Ukipata 140/90 (namba ya juu 140, ya chini 90) au zaidi kwa siku tofauti, muone mhudumu wa afya kabla ya mazoezi mazito. Kutembea taratibu kwa kawaida hakuna neno. Ikifika 180/110, usianze kabisa hadi utibiwe. Ikiwa juu hivyo na kifua kinauma, macho yanaona ukungu au upande mmoja wa mwili umelegea, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo.

Mapigo ya moyo hesabu asubuhi kabla ya kutoka kitandani, dakika nzima, siku tatu mfululizo. Wengi huwa kati ya 60 na 100. Anayetumia dawa za moyo au presha kama atenolol au propranolol asitegemee namba hizi, kwani dawa zenyewe hupunguza mapigo. Kiuno kipime kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kisizidi nusu ya urefu wako.

Kama yote hayo yako salama, pima pumzi. Tafuta ngazi moja imara ya kukanyagia, yenye kimo cha sentimita 30 (kreti ya soda huteleza, iache) na mtu wa kuwa nawe. Weka metronomu ya simu (programu inayopiga midundo sawasawa) kwenye midundo 96 kwa dakika: mguu juu, mwingine juu, mguu chini, mwingine chini, mzunguko 24 kwa dakika, kwa dakika 3. Nyoosha magoti kila unapofika juu. Kaa mara moja, na ndani ya sekunde 5 anza kuhesabu mapigo kwa dakika nzima. Ukichelewa, moyo umeshatulia na utajipa sifa usiyostahili. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, acha papo hapo.

Andika namba, saa, mahali na kimo cha ngazi. Mahali pana maana: Kabale iko juu ya Kampala kwa mamia ya mita, na moyo wa mgeni hukimbia zaidi huko.

Wiki ya kwanza tembea dakika 20 kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Rudia ngazi baada ya wiki 8, ngazi ileile, saa ileile. Presha usiiache hadi siku hiyo: ikiwa namba ya juu ilikuwa kati ya 130 na 139, ipime kila wiki.