UPS ya kompyuta ya nyumbani: cha kuangalia kabla hujatoa hela

Watu wengi wakienda kununua UPS, lile boksi lenye betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika, wanauliza kitu kimoja tu, inakaa dakika ngapi, muuzaji anajibu nusu saa, hela inatoka na mtu anaondoka na boksi lake kwapani. Jamani hilo swali liulize baadae. Kompyuta inakufa zaidi umeme unaporudi kuliko unapoondoka, alafu kuna zile jioni umeme haujakatika kabisa ila taa zinafifia zinakolea zinafifia, hapo ndo mashine inapoumia polepole bila wewe kujua.

Mi nimelijua hili kwa maumivu. Jioni moja hapa Dar umeme ulikata ukarudi, ukakata ukarudi tena, yote ndani ya dakika moja, nikasikia pah! nyuma ya CPU na harufu ya kuungua, pawa saplai, yani kile kifaa cha ndani kinachoilisha kompyuta umeme, ikaenda na diski ikaenda nayo, na kwenye ile diski kulikuwa na kazi za wateja za miezi minne. Na UPS nilikuwa nayo! Ya bei ya chini kabisa pale dukani, taa yake ya kijani inawaka vizuri tu kila siku, kumbe betri ya ndani ilishakufa zamani. Iliniuma sana na ndo maana naandika hivi kwa urefu.

Umeme wetu Tanzania unatakiwa kuwa volti 230, Kenya 240. Ila saa mbili usiku kila nyumba imewasha feni, pasi na hita ya maji, ukipima kwenye soketi, hasa kama nyumba yenu iko mwisho wa laini mbali na transfoma, unaweza kukuta 180. Ukikatika alafu ukarudi, mafriji na mapampu ya mtaa mzima yanajiwasha kwa pamoja, volti inacheza juu chini. Na kuna baya zaidi, waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, kukatika kwenye nguzo, hapo nyumba inaweza kupata volti zinazokaribia 400. Ukiona taa zimewaka kali kuliko kawaida usisubiri hata sekunde, kimbilia mein swichi uzime.

Sasa aina za UPS. Kuna zile za kawaida kabisa ambazo umeme ukiwepo zinaupitisha hivi hivi, volti ikishuka kidogo tu zinarukia betri, kwa hiyo mtaa wenye umeme mdogo betri inatumika mara kumi kwa siku na haimalizi hata mwaka. Aina ya pili ina AVR ndani, yani stabilaiza, volti ikishuka inaipandisha na ikizidi inaishusha bila kugusa betri. Kwenye boksi utakuta imeandikwa AVR au Line Interactive. Hii ndo ya nyumbani, na kama hela inatosha kitu kimoja tu cha ziada basi itoe hapa, achana na dakika. Geuza boksi usome inapokea kuanzia volti ngapi mpaka ngapi, ikiandika kama 160 mpaka 280 hiyo inatufaa, ikianzia 200 muachie. Aina ya tatu inaitwa Online, kompyuta inakula umeme uliotengenezwa na UPS yenyewe muda wote, nzuri sana ila ni ghali na feni yake inalia siku nzima, hiyo ni ya seva za ofisini.

Hapo kwenye ukubwa ndo watu wanapigwa sana. Namba kubwa iliyoandikwa kwa mbele, 650 au 1000, ni VA, sio wati. Wati ndo mzigo halisi unaoweza kubeba na kwa UPS za bei nafuu wati ni kama asilimia 60 ya hiyo namba, yani ya 650VA inabeba wati 360 au 390 hivi. Kompyuta ya mezani ya kazi za ofisi inakula kama wati 60 mpaka 120, monita ya inchi 22 kama 25, rauta 10, kwa hiyo 650VA inatosha vizuri. Ila kama una kompyuta ya magemu au ya kuedit video yenye kadi kubwa ya grafiki piga hesabu upya, inaweza kula wati 400 na zaidi, hapo anzia 1500VA, alafu tafuta iliyoandikwa Pure Sine Wave, kwa sababu UPS za kawaida zikiwa kwenye betri zinatoa umeme wa wimbi la ngazi ngazi na baadhi ya pawa saplai za kisasa zinaukataa, kompyuta inazima kabisa pamoja na kwamba UPS unayo. Laptopu ina betri yake, haihitaji UPS.

Dakika sasa. Ndani ya ile 650VA kwa kawaida kuna betri moja ya volti 12, ampia-saa 7, ambayo ni wati-saa 84 kwa makaratasi, lakini ukiinyonya haraka haraka unapata kama nusu yake tu. Mzigo wa wati 120 utapata dakika 15 mpaka 20 betri ikiwa mpya. Zinatosha kuseva kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Ukitaka kuangalia mpira mpaka mwisho umeme ukiwa umekatika hiyo ni kazi ya inveta, yani mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, na betri kubwa.

Ukifika dukani, iwe Kariakoo au kwenu, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na achomeke balbu ya zamani ya wati 100, sio ya LED, alafu azime soketi ya ukutani. Iache dakika 5. Ikilia pii mara kwa mara na balbu inawaka bila kufifia sawa, ikizima ndani ya dakika moja betri imelala stoo muda mrefu. Muuzaji anayekataa kujaribu muache na UPS yake. Iinue pia, yenye betri ya kweli ni nzito. Uliza kama betri inabadilika na kama hiyo saizi inapatikana madukani, maana betri itakufa tu.

Nyumbani ichaji masaa 8 kabla ya kuitegemea. Usiifungie kabatini wala kuisukumia chini ya kitanda, hizi betri zinapenda joto la kama nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinapoongezeka maisha yake yanakatika nusu, kwa joto la Dar betri ya miaka minne inaweza kukupa miwili. Usichomeke printa ya leza, ile inapopasha wino inavuta wati mia kadhaa kwa mkupuo, wala pasi wala feni. Alafu hakikisha nyumba ina ethi ya kweli, nondo imezikwa na waya umefika kwenye soketi, muite fundi apime, kwa sababu kinga nyingi za UPS zinamwaga umeme uliozidi kwenye ethi, kama ethi haipo kinga inabaki nusu.

Kila baada ya miezi mitatu ijaribu UPS, fungua kitu kisicho na maana kwenye kompyuta alafu zima swichi ya ukutani, usichomoe plagi maana unaondoa na ethi. Taa ya kijani haikuambii chochote, mi ni shahidi. Kama UPS imekuja na waya wa USB uchomeke, Windows inaiona kama betri ya laptopu na unaweza kuiset kompyuta ijizime yenyewe hata ukiwa haupo.

Wenye inveta ya sola, angalia setingi zake, nyingi zina mod ya UPS inayobadilisha kwa milisekunde 10 na ya vyombo vya kawaida ya 20, ukiiacha kwenye 20 kompyuta inaweza kujirestati.

Na tafadhali msiunge betri ya gari kwenye UPS ndogo ili ikae masaa. Chaja yake ni ndogo haiwezi kuijaza vizuri, ndani imetengenezwa kufanya kazi dakika chache sio masaa kwa hiyo inapata moto, na betri ya gari ikichajiwa chumbani inatoa gesi inayoweza kulipuka, watoto wamelala chumba hicho hicho.

Radi ikianza kupiga wakati wa masika chomoa kila kitu ukutani, UPS yenyewe, waya wa antena, vyote, hakuna UPS ya nyumbani inayozuia radi iliyopiga karibu.