Alamu ya waya ya zamani usiitupe, iunge na Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani)

Nyumba nyingi Njiro, Arusha, zina alamu za waya za zamani, fundi akija anakwambia ng'oa yote tuweke za waifai. Usikubali, zile waya ndo mali yenyewe. Kama kuna kampuni ya ulinzi imeungwa humo waambie kwanza, wasije wakakutokea getini na virungu. Zima umeme wa boksi, chomoa na betri, piga picha waya zote kabla hujagusa kitu.

Sensa ya mlango ni swichi ya sumaku tu, so zitoe waya zake kabisa kwenye boksi la zamani, moja peleka GND (pini ya hasi) ya ESP32, kale kakibao ka kompyuta kenye waifai, nyingine kwenye pini yenye pullap ya ndani (inayoivuta pini iwe 3.3V mlango ukifunguka), pini 34 mpaka 39 hazina hiyo kitu ziruke, na hakikisha hakuna 12V inayofika pale maana ESP32 ni ya 3.3V, ikigusa imekufa. Sensa za mwendo ziachie 12V yao, we chukua zile waya mbili za NC (swichi inayofunguka sensa ikiona mwendo) uziunge kwenye ESP32 kama za mlango. King'ora pitisha kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa na ESP32.

Programu ya kuweka kwenye ESP32 ni ESPHome, inaongea na Home Assistant hata bando likiisha, ila umeme ukikatika rauta na kompyuta yenye Home Assistant viwe kwenye betri.