Somo: Kumsafirisha farasi wa kazi, yule mkubwa kabisa, kwa trela

Ndugu zangu, hamjambo. Wiki hizi nimepigiwa simu na vijana wetu kadhaa walioajiriwa kwenye mashamba ya farasi hapa Lexington, Kentucky. Wengi wao wametoka Kongo, wamefundishwa kazi kwa farasi wa mbio, na sasa wanakabidhiwa Belgian au Percheron, aina za farasi wakubwa wa kazi, na kuambiwa "mpakie twende". Mtu akiona trela na farasi anadhani kazi ni ile ile. Sivyo. Farasi wa mbio ana kilo kama 500. Belgian aliyekomaa ana kilo 900, na wapo wanaopita 1,000. Big Jake, Belgian wa Wisconsin aliyewahi kutambuliwa kuwa farasi mrefu kuliko wote walio hai, alikuwa na sentimita 210 kutoka ardhini hadi mabegani, shingo na kichwa bado. Trela nyingi za farasi zina sentimita 213 tu kutoka sakafuni hadi darini.

Karibu kila kitu unachokikuta kwenye trela ya kawaida kilitengenezwa kwa ajili ya farasi mdogo kuliko wako. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata utazielewa.

Hatua ya 1: Pima farasi kwanza, trela baadaye

Msimamishe kwenye saruji, atulie, uchukue utepe. Huku urefu wanauhesabu kwa viganja, na kiganja kimoja ni inchi 4, kwa hiyo farasi wa viganja 18 ana sentimita 183 mabegani. Lakini usiishie mabegani. Pima utosi wake ulipo akisimama kwa raha, kisha akiinua kichwa kutazama kitu. Pima pia kutoka puani hadi mkiani. Farasi akishtuka huinua kichwa kabla ya jambo lingine lolote, na akigonga dari mara moja, safari ijayo atakukumbusha. Kwa farasi wa viganja 17 au 18 mimi sichukui trela yenye urefu wa ndani chini ya futi 8, yaani sentimita 244.

Kuinua kichwa ni nusu ya habari. Lazima aweze pia kukiinamisha. Farasi husafisha njia yake ya hewa kwa kuinamisha kichwa na kukohoa. Ukimfunga kichwa juu kwa saa nyingi, vumbi la majani na vijidudu huteremka hadi mapafuni, na hapo ndipo inapoanzia homa ya mapafu ya safari. Nimeona farasi mwenye nguvu za kuvuta gogo akisimama kona ya banda siku mbili baada ya safari, hataki kula, pua zimepanuka. Hakuwa ameumia popote. Alikuwa amefungwa kamba fupi.

Upana nao una mambo yake. Trela ya farasi wawili mara nyingi ina futi 6, na kizigeu katikati, hivyo kila mmoja anabaki na sentimita 90 hivi. Farasi hujishikiza barabarani kwa kutanua miguu, na kizigeu kinachofika sakafuni kinamnyima nafasi hiyo. Ondoa kizigeu umbebe mmoja, au tumia trela ya ng'ombe yenye upana wa futi 7, isiyo na vyumba vyembamba. Zile trela ambazo farasi husimama kimshazari sizipendi kabisa kwa hawa wakubwa: pua inagusa ukuta huku, makalio yanagusa kule.

Hatua ya 2: Uzito

Hapa ndipo watu wanapoangamia, tena watu wenye uzoefu. Tafuta kibati cha trela kinachoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa. Trela yenye ekseli mbili za pauni 3,500 kila moja hubeba jumla ya pauni 7,000, sawa na kilo 3,175. Trela yenyewe ikiwa tupu, tuseme ina kilo 1,450. Ongeza Belgian wawili wa kilo 950 kila mmoja. Umefika 3,350. Umeshapita kipimo, na bado hujapakia maji, majani wala matandiko ya kazi.

Kama hakuna mzani wa kumpima farasi, chukua utepe: mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uzidishe kwa wenyewe, uzidishe tena kwa urefu wa mwili kutoka bega hadi ncha ya kalio, kisha ugawe kwa 11,880. Vipimo vyote viwe sentimita, jibu litakuwa kilo. Kifua cha 240 na mwili wa 190 vinakupa kama kilo 920. Ni makadirio tu, kwa hiyo jiachie nafasi. Ukitaka uhakika, pitisha gari zima kwenye mizani ya malori, tupu kisha likiwa na mzigo.

Gari la kuvuta lizingatie hesabu hiyo hiyo. Uzito unaokalia kiungo cha nyuma ya gari uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iliyopakiwa. Ukipungua sana, trela inaanza kuyumba kama mkia.

Hatua ya 3: Sakafu, tairi, breki

Kabla ya kila safari inua mikeka ya mpira. Ndiyo, ni mizito. Iinue hivyo hivyo. Mwaka mmoja niliazima trela iliyopakwa rangi mpya, inang'aa. Nikainua mkeka, harufu ya mkojo ikanipanda puani, nikachukua bisibisi na kuichomeka kwenye ubao wa tatu kutoka mlangoni. Ilizama hadi mpinini bila mimi kutumia nguvu. Nikaivuta, ncha ikatoka na uji mweusi wa mbao iliyooza. Farasi wa kilo 500 pengine angepita juu ya ubao ule. Wa kilo 950, mguu ungetokea chini, lami ikiwa inakimbia. Sakafu ya alumini nayo huliwa na mkojo, iangalie kwa chini pia.

Tairi: pima upepo zikiwa baridi. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani ubavuni. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za trela huzeeka zikiwa zimesimama tu, kwa hiyo zikikaribia miaka mitano au sita nazibadilisha hata kama kashata bado ni nzuri. Minyororo ya usalama ipishane chini ya kiungo. Waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye gari lenyewe, usiuzungushie kwenye kiungo, maana kiungo kikichomoka ndio huo waya unaotakiwa kufunga breki za trela. Jaribu betri yake.

Hatua ya 4: Mzoeze siku nyingi kabla

Usimfundishe kupanda siku ya safari. Wiki mbili kabla, fungua trela iliyoungwa kwenye gari, mlishe mlangoni, kesho miguu miwili ndani, keshokutwa yote minne, atoke, apewe pole na mkono shingoni. Huwezi kumshinda nguvu mnyama huyu, na asijue kamwe kwamba huwezi.

Hatua ya 5: Kupakia

Funga nyuma kwanza, kichwa baadaye. Mtu mmoja anamwongoza, wa pili anasimama ubavuni mwa mlango, wala si nyuma ya farasi, na anafunga komeo la nyuma mara farasi anapoingia. Komeo likishafungwa ndipo kichwa kifungwe.

Nililijifunza hili kwa gharama ya mnyama. Nilikuwa peke yangu, jua linazama, na Percheron jike aliyekuwa mpole kuliko wote shambani. Aliingia bila shida, nikamfunga kichwa, nikazunguka kwenda kufunga nyuma. Kabla sijafika, alirudi hatua moja. Kamba ikakaza. Akaona ameshikwa, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Hatamu ilikuwa ya nailoni, haikukatika. Pete ya ukutani ndiyo iliyonyooka kama waya, na utosi wake ukagonga ukingo wa mlango alipotoka. Kidonda kilipona baada ya wiki kadhaa. Lakini kwa mwaka mzima alikuwa akiona rampu, ule ubao wa kupandia trela, anatetemeka magoti, na kila alipotetemeka nilijua ni mimi niliyemfanyia.

Tangu siku hiyo natumia hatamu ya ngozi, au yenye kipande cha ngozi utosini kitakachokatika, na fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha. Kamba iwe ndefu kiasi cha kumruhusu kuinamisha kichwa, isiwe ndefu kiasi cha kuivuka kwa mguu.

Huku tunakoendesha kulia, farasi aliye peke yake au aliye mzito zaidi akae kushoto, kwa sababu barabara imeinuka katikati na uzito ukiwa kulia trela inavutwa kuelekea mtaroni.

Hatua ya 6: Barabarani

Endesha kana kwamba umebeba maji kwenye sufuria isiyo na kifuniko. Baada ya kona usiongeze mwendo mpaka uone kwenye kioo kwamba trela imenyooka. Anayeijua barabara kuu ya I-75 kuelekea kaskazini anaujua ule mteremko wa Covington kabla ya mto Ohio: mrefu, una kona, magari yamejaa. Punguza gia kabla ya kuanza kushuka. Ukikanyaga breki ghafla pale, tani ya mnyama inakuja mbele.

Acha matundu ya hewa wazi hata kwenye baridi, ila kichwa kisitoke dirishani. Kila saa 3 au 4 simama mahali salama, mpe maji, mlegezee kichwa. Usimshushe kando ya barabara kuu kwa sababu yoyote unayoweza kuikwepa. Majimbo mengi yanadai kipimo cha Coggins (cha damu, kutafuta ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu wa farasi) cha ndani ya miezi 12 na cheti cha daktari wa mifugo cha ndani ya siku 30, basi karatasi ziwe kwenye gari.

Hatua ya 7: Kushusha

Kinyume cha kupakia: fungua kichwa kwanza, komeo baadaye. Mwache arudi taratibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Lexington): Papa, jambo. Mimi niko na Belgian mmoja, anaweka miguu ya mbele ndani halafu anasimama. Patron anasema nimupige na kamba nyuma. Nifanye nini?

Jibu: Jambo mdogo wangu. Usimpige. Miguu miwili ndani ni jibu zuri, anakuambia "nafikiria". Shika kamba ikiwa imekaza kidogo tu, na mara anapoegemea mbele, hata kwa unyoya, ilegeze. Kulegeza ndiko kunakomfundisha. Pia piga kisigino chako sakafuni usikilize. Farasi wakubwa wengi hukataa sakafu inayolia au kunesa, na mara nyingine wana haki.

Swali (Yorkshire, Uingereza): Shikamoo kaka. Tuna farasi wa kazi wawili wa aina ya Shire, kila mmoja kama kilo 950. Trela yetu imeandikwa kilo 2,700. Leseni ya kawaida inaniruhusu kuvuta hadi 3,500, kwa hiyo niko salama?

Jibu: Marahaba dada. Leseni inakuhusu wewe, kibati kinaihusu trela. Trela hiyo ikiwa na kilo 950 tupu, na farasi 1,900, umefika 2,850. Hapana. Beba mmoja mmoja, au tafuta lori la farasi. Na kwa kuwa huko mnaendesha kushoto, aliye peke yake akae kulia.

Swali (Ohio): Kaka, wa kwetu ana manyoya marefu miguuni. Nimfunge bandeji za safari?

Jibu: Kwa safari ndefu wakati wa joto, mimi sifungi. Manyoya yale yanahifadhi joto na unyevu, na bandeji ikilegea inakuwa kamba ya kujikwaa. Navalisha kinga za kwato tu, tena zile za saizi ya farasi wa kazi, na namvalisha bandani mara kadhaa kwanza ili azizoee.

Swali (Lexington): Je, dawa ya kumtuliza?

Jibu: Bila daktari wa mifugo, hapana. Farasi aliyelegezwa na dawa hawezi kujishikiza vizuri kwenye kona, na akianguka ndani usiingie kumwinua. Simama, piga 911, namba ya dharura ya huku, waambie ni farasi wa kilo ngapi, kisha umpigie daktari wake.

Swali (Ohio): Akishafika, ni lini naweza kusema safari imeisha?

Jibu: Mpime joto asubuhi na jioni kwa siku 3. Kawaida ni nyuzi 37.2 hadi 38.3. Akipita 38.5, au akiacha chakula, au ukisikia kikohozi, piga simu siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Siku hizo majani yake yaweke chini, si kwenye wavu wa juu, ainamishe kichwa muda wote anapokula.