Namna ya kuchora ramani ya mji wa kubuni unaoaminika

Ramani nyingi za miji ya kubuni huharibika mwanzoni kabisa: mchoraji anachora ukuta wa duara, anaweka ngome katikati, kisha anaanza kujaza nyumba. Miji michache sana ilizaliwa hivyo. Kwanza huwapo sababu ya wasafiri kusimama mahali fulani, wachuuzi wakafuata, nyumba zikaota kando ya njia, na ukuta ukaja baadaye palipopatikana mali ya kulinda. Chora kwa mfuatano huo huo wa umri, na mji utajieleza wenyewe.

Anza na idadi ya watu, maana ndiyo inayoamua vipimo vyote. Tuchukue mji wa watu 5,000, wa enzi ya mikokoteni na vinu vya maji. Msongamano wa watu 150 kwa hekta unafaa mji wa namna hiyo, kwa hiyo unahitaji hekta 33 hivi, yaani duara la kipenyo cha mita 650. Tumia karatasi ya A3 na kipimo cha sentimita 1 kwa mita 50. Mji utachukua sentimita 13, na pembeni patabaki nafasi ya mto na barabara zinazoingia. Usiogope udogo wake. Mji wa watu 5,000 huvukwa kwa miguu kwa dakika 10, na ndiyo maana watu wake wanajuana.

Ardhi na maji

Chora mwinuko kwa penseli nyepesi, kontua (mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) moja kwa kila mita 5. Kwa kipimo chetu, kontua mbili zikikaribiana chini ya sentimita 1, mteremko umezidi mita 1 kwa kila mita 10, na mkokoteni uliojaa utawatesa wanyama. Hapo barabara ipande kwa mshazari au izunguke. Ngazi waachie waenda kwa miguu.

Mto una sheria zake. Vijito huungana kuelekea chini; mto haugawanyiki ovyo, isipokuwa kwenye delta au unapozunguka kisiwa. Kwenye kona, maji hula ukingo wa nje na kulifanya eneo hilo kuwa na kina, huku mchanga ukijikusanya ukingo wa ndani. Kwa hiyo gati la mashua liwe ukingo wa nje, na kivuko cha miguu kiwe sehemu pana iliyonyooka kati ya kona mbili. Tambarare ya mafuriko iache kwa malisho. Ukiijaza nyumba za matajiri, msomaji makini atajiuliza kwa nini hawajahama.

Sasa taja kwa sentensi moja sababu ya mji kuwapo: kivuko, makutano ya mito, mgodi wa chumvi, mlango wa bonde. Sababu hiyo huvuta barabara mbili au tatu, na zinapokutana karibu na maji panakuwa soko. Soko la pembetatu, au barabara iliyotanuka tu, huonekana la kweli kuliko mraba uliopimwa kwa rula, kwa sababu ndilo umbo linalotokea njia tatu zinapokutana.

Vitalu, kazi ambayo wengi huiruka

Usichore nyumba moja moja. Nyumba yenye upana wa mita 6 ni milimita 1 na ushee tu kwenye karatasi, na mkono utachoka kabla ya robo ya mji kuisha. Chora vitalu, yaani makundi ya viwanja yaliyozungukwa na mitaa. Kiwanja cha mjini ni chembamba na kirefu, tuseme mita 6 kwa 40, kwa kuwa kila mfanyabiashara anagombania sehemu ya mbele inayotazama barabara. Mbele kuna duka na makazi, nyuma kuna karakana, shimo la choo na bustani. Viwanja 10 vikipangwa bega kwa bega, na vingine 10 vikageuziana nao mgongo, unapata kitalu cha mita 60 kwa 80: sentimita 1.2 kwa 1.6. Kila kiwanja kikiwa na watu 5, kitalu kina watu 100. Mji wako mzima basi ni vitalu 50. Ukiongeza mitaa, kila kimoja hula karibu hekta 0.58, vyote hekta 29, na hekta 4 zinabaki kwa soko, hekalu na ngome.

Vitalu visilingane. Karibu na soko vikate vidogo, maana ardhi ya hapo ni ghali na viwanja vimegawanywa mara nyingi; pembezoni viache vikubwa, vyenye bustani ndani. Barabara kuu iwe na upana wa mita 8 hadi 10, vichochoro mita 2 au 3. Kichochoro chembamba kuliko hapo hakionekani kwa kipimo hiki: chora mstari mmoja tu.

Kisha panga kazi kwa kufuata maji na upepo. Maji ya kunywa yachotwe sehemu ya juu ya mto, kabla haujapita mjini. Chini yake kinu, kisha wafua nguo, watia rangi vitambaa, machinjio, na mwisho kabisa watengeneza ngozi, ambao harufu na uchafu wao hautakiwi na yeyote. Chora mshale wa upepo unaovuma sana, na moshi wa wahunzi na wafinyanzi uelekezwe nje ya mji. Hofu ya moto huhamisha hata mafundi wanaoheshimiwa: mwaka 1291 Venice iliamuru tanuru za vioo zihamie kisiwa cha Murano. Kwa visima, shika bikari na uchore duara zenye nusu kipenyo cha sentimita 3. Mtaa ulio nje ya duara zote una wakazi wanaobeba ndoo zaidi ya mita 150, basi ama ni wa maskini, ama umekosea.

Ukuta na makovu ya umri

Ukuta ni gharama kubwa, hivyo hujengwa mfupi iwezekanavyo na hufuata matuta na kingo za mto. Malango matatu hadi matano yanatosha, kila moja juu ya barabara iliyokuwapo tayari. Nje ya lango kuu weka nyumba za wageni, mazizi na soko la mifugo, kwa wanaofika milango imefungwa.

Mji ukikua, ukuta wa zamani hubomolewa lakini umbo lake hubaki. Vienna ilianza kubomoa kuta zake baada ya agizo la mwaka 1857, na mahali pake pana Ringstrasse, barabara inayozunguka mji wa kale. Lucca, Italia, ina uwanja wa umbo la yai kwa sababu nyumba zilijengwa juu ya ukumbi wa michezo wa Warumi. Hata London ilipoungua mwaka 1666, mitaa mingi ilirudi palepale, kwani mipaka ya viwanja haikuungua. Kwa hiyo acha mtaa mmoja uliopinda bila sababu ya leo, na lango la zamani, tuseme Lango la Chumvi, ambalo sasa limo ndani ya mji.

Kama mji wako una uchawi, nao lazima uache alama. Kama majoka huruka, ukuta mrefu ni hasara. Weka mapaa ya mawe, mabwawa ya kuzimia moto na mahandaki ya kujificha. Kama mchawi anaweza kububujisha chemchemi mahali popote, futa zile duara za visima na uamue nani anamlipa.

Kabla ya kupaka wino, fuata kwa kidole safari mbili. Gunia la nafaka litoke shambani, lipite langoni, kinuni, hadi kwa mwokaji. Maiti naye atoke nyumbani hadi makaburini. Kidole kikikwama ukutani au kikivuka mto pasipo daraja, rudisha penseli hapo kwanza.