Jiko la Bruda Liwashwe Jana

Kuanzia Juni hadi Agosti simu yangu huanza kulia kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na kabla sijaipokea nimeshajua nitaambiwa nini. Vifaranga walifika jana jioni wazima kabisa, usiku wamerundikana kwenye kona, walioko chini wamekufa. Halafu inafuata lawama: "Bwana mifugo, safari hii wameniuzia vifaranga wabovu." Inatokea, lakini mara chache. Huku Njombe na Makete, ambako zipo asubuhi za Julai unazokuta barafu imelala juu ya majani, mimi huanza kwa swali moja. Jiko la bruda, yaani la kupashia chumba cha kulelea vifaranga, uliliwasha saa ngapi?

"Walipofika." Mwingine atajibu kwa fahari kwamba aliliwasha saa nzima kabla.

Saa nzima! Ndugu mfugaji, kwa saa moja umepasha hewa tu. Chukua chumba cha kawaida cha kulelea, mita 2.5 kwa 4, dari kwenye mita 2.2. Hewa yote iliyomo humo ina uzito wa kilo ishirini na kitu. Sakafu yake ya zege yenye unene wa sentimita 5 ina zaidi ya kilo 1,100. Ili kupanda nyuzi moja ya joto, sakafu hiyo inahitaji joto zaidi ya mara 40 ya lile linalohitajiwa na hewa. Ndiyo maana hewa inapata moto ndani ya nusu saa wakati zege bado liko kwenye nyuzi 14, linanyonya joto kupitia maranda na kupitia miguu ya kifaranga ambaye siku zake za kwanza hawezi kujipasha mwenyewe.

Na kipimajoto? Umekitundika kwenye msumari usawa wa kifua chako. Kinasoma 33, umeridhika, umeenda kulala. Kifaranga haishi kifuani kwako. Kishushe hadi sentimita 5 juu ya maranda, pembeni mwa jiko, si juu yake, na hapo ndipo kisome 32 hadi 34. Kisha kizamishe ndani ya maranda mpaka kiguse sakafu: usiruhusu boksi lolote lifunguliwe kama kinasoma chini ya 28. Huna kipimajoto cha pili? Weka kiganja juu ya sakafu na uhesabu hadi sitini. Ukitamani kukiondoa kwa baridi, hata kifaranga angetamani, ila yeye hana pa kukipeleka kiguu chake.

Kwa hiyo jiko liwashwe saa 24 kabla. Msimu wa baridi nasema saa 48, na sibishani na mtu kuhusu mkaa wa ziada, kwa sababu mkaa huo hauungui bure. Joto lake linawekwa akiba ndani ya zege na maranda, na akiba hiyo ndiyo inayotoka saa tisa usiku jiko linapofifia nawe umepitiwa na usingizi. Banda lililopashwa tangu juzi hupoa polepole, lakini la jioni ile ile huporomoka.

Maranda yawe makavu, sentimita 5 hadi 10. Hapa nakaripia tena: wapo wanaoosha banda leo na kupokea vifaranga kesho. Lita moja tu ya maji iliyobaki sakafuni, ili ikauke, inakula kama kilojuli 2,400. Kumbuka namba hiyo, nitairudia hivi punde. Osha banda wiki moja kabla, lipigwe na upepo, likauke.

Wenye pipa jeusi juani au hita ya maji ya jua wana bahati, maana mchana wa kiangazi huku jua lipo hata kama usiku ni wa makoti mawili. Jaza maji ya moto kwenye madumu ya lita 20, yafunike kwa gunia kavu ili yasiwachome vifaranga na yasimalize joto lake haraka, yapange kuzunguka duara la bruda. Dumu moja likishuka kutoka nyuzi 55 hadi 35 linatoa kama kilojuli 1,670, sawa na taa ya wati 100 iliyowaka zaidi ya saa nne na nusu. Linganisha na ile lita moja ya maji uliyoiacha sakafuni: imelimeza dumu zima na bado ina njaa. Kwa vifaranga 100 mimi huweka madumu manne, na jiko linabaki pale pale. Madumu ni msaada wake, hayalifukuzi kazi.

Wanaotumia mawe ya moto badala ya madumu wasiyadharau maji. Kwa kushuka nyuzi zile zile, dumu moja la lita 20 linatoa joto sawa na mawe ya kilo 100, na sijaona anayeingiza kilo 100 za mawe bandani kila jioni.

Muda wa kuchota: saa kumi jioni. Ukingoja hadi saa moja, ukishakunywa chai na kusikiliza taarifa, pipa lisilofunikwa limesharudisha joto angani, nawe unabeba maji ya uvuguvugu ukidhani una akiba.

Mkaa ushike moto nje mpaka moshi uishe ndipo jiko liingie ndani, na juu ya ukuta uache upenyo wazi. Hewa ya mkaa inaua bila harufu, vifaranga na wewe unayewalinda.

Baada ya wiki ya kwanza punguza nyuzi 2 hadi 3 kila wiki. Vifaranga wakitawanyika sawasawa, wanakula na kulia kwa sauti ya chini, uko sawa.

Wanaoagiza kutoka mbali wahesabu saa 48 kurudi nyuma kutoka saa ambayo basi linatarajiwa. Vifaranga wa Ijumaa asubuhi, jiko Jumatano asubuhi. Basi likikwama kwenye mlima Kitonga, jiko lisizimwe, ongeza mkaa.